Unga wa Siku Moja

Faili la kifo cha Thabiti lilikuwa na kurasa kumi na moja tu, na hilo ndilo lililomuudhi Inspekta Elia Nampoto. Kesi ya mauaji yenye kurasa kumi na moja ni kesi ambayo kila mtu ameshaiamua, na watu wakishaamua huacha kuuliza. Miaka kumi na sita ya upelelezi Mtwara ilikuwa imemfundisha kulichukia neno "inajulikana".

Yaliyojulikana yalikuwa haya. Siku ya Jumanne saa saba mchana, katika kijiji cha Mnyangala karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, watu wanne wa nyumba moja walikula ugali wa muhogo uliosongwa kwenye sufuria moja. Thabiti, kuli wa bandarini mwenye miaka thelathini na moja, alikula kwenye sahani yake peke yake kwa sababu tabibu alimpa mwiko. Mkewe Zulfa ndiye aliyempakulia. Jioni Thabiti akaanza kutapika, akalalamika kichwa, akahema kama mtu aliyekimbizwa, na kabla ya alfajiri akafa. Mama yake, mdogo wake na mkewe waliamka wazima.

Majibu ya mkemia yalichukua wiki mbili. Sianidi kwenye damu. Sianidi hutumika kwenye machimbo ya dhahabu, na Zulfa ana kaka machimboni, na kaka huyo alikuja kumsalimia dada yake siku chache kabla ya msiba. Alhamisi majibu yalipotoka Zulfa akakamatwa, akatolewa ndani ya eda yake siku ya kumi na sita.

"Sufuria moja, maiti mmoja," mkuu wa upelelezi alimwambia Elia. "Sumu iliwekwa kwenye sahani. Wewe unataka nini zaidi? Jumatatu anapanda kizimbani."

Leo ilikuwa Jumamosi. Kesi ya mauaji haina dhamana. Msichana wa miaka ishirini na nne angeingia mahabusu na kukaa mwaka, miwili, mitatu, akisubiri mtu wa kuzisoma kurasa kumi na moja.

Elia akaagiza aletwe.

Zulfa aliingia akiwa amejifunika shuka jeupe hadi kwenye paji la uso, askari wa kike, WP Mwajuma, akiwa nyuma yake. Alikaa ukingoni mwa kiti, macho sakafuni. Elia alimpa pole ya msiba kwanza. Hakuna ukurasa hata mmoja ulioonyesha kwamba kuna askari aliyewahi kumpa pole.

"Ulimpakulia wewe?"

"Ndiyo, afande."

"Ulisonga wewe?"

"Ndiyo."

"Unga ulitoka wapi?"

"Niliukuta kwenye ndoo."

"Nani aliutwanga?"

"Niliukuta, afande."

"Nimeuliza nani aliutwanga."

Zulfa alivuta shuka mbele zaidi. Elia hakumharakisha. Nje mtu alikuwa akiosha gari, maji yakimwagika chini.

"Siku moja kabla ulikuwa wapi?"

"Msimbati. Nilikwenda kununua samaki, nikalala kwa shangazi. Jumanne nimerudi saa tano, nikakuta unga uko tayari, nikasonga."

"Samaki mlikula nani?"

"Mimi, mama na shemeji. Yeye hakuruhusiwa."

"Na wewe ugali ulikula?"

"Kidogo. Ulikuwa na uchungu kwa mbali. Jioni nilitapika mara moja, nikadhani ni uchovu wa safari."

Elia aliinua kichwa. "Ulitapika? Mbona hakuna palipoandikwa?"

"Hakuna aliyeniuliza kama nimetapika," Zulfa alisema. "Waliniuliza nimemtilia nini."

Elia aliandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa, na aibu ikampanda, ingawa hakuwa yeye aliyeuliza.

*

Daktari Halima, aliyeufanyia uchunguzi mwili wa Thabiti, alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza Elia akiwa amesimama, chai ikipoa mezani.

"Nilishasema kwenye ripoti yangu, hamsomi," alisema. "Mtu akimeza sianidi ya machimboni, tumbo huungua, linakuwa jekundu kama nyama mbichi. Na hufa kwa dakika chache. Huyu alikula saa saba mchana, akaanza kuugua jioni, akafa kumi na moja kasoro alfajiri. Tumbo lake lilikuwa safi. Sumu niliikuta zaidi huku chini, kwenye utumbo."

"Kwa hiyo hakuimeza?"

"Alimeza kitu. Kikageuka sumu kikiwa ndani." Akaketi. "Elia, wewe ni Mmakonde. Hujawahi kulewa muhogo?"

Alishawahi. Kila mtu wa kwao alishawahi. Mwaka wa njaa, akiwa darasa la tatu, ugali ulimpa kizunguzungu na kichwa, bibi yake akamwambia alale, itapita. Ikapita. Haikuwa ugonjwa hata kidogo, lilikuwa jambo la kawaida kama kung'atwa na mbu.

"Hiyo haiui," alisema.

"Haiui mtu aliyekula samaki. Niletee huo unga. Na uniambie marehemu alikuwa akila nini mwezi mzima kabla ya kufa. Siyo siku ile. Mwezi mzima."

*

Nyumba ya Bi Tabu ilikuwa ya udongo na bati, imefagiliwa hadi pembeni. Mama wa marehemu alikuwa amekaa kibarazani na mwanawe mdogo, Ismaili. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekonda, na aliitikia shikamoo ya Elia bila kumtazama.

"Amekubali?" aliuliza.

"Bado, mama."

"Atakubali. Mwanangu kamfia mikononi, na yeye hata chozi la maana hana."

Elia aliomba ruhusa ya kuingia jikoni. Kwenye ukuta palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa ugali, yenye picha ya utumbo uliochorwa kwa rangi nyekundu. Tabibu mmoja wa Magomeni aliigawa kwa wateja wake. SAFISHA UTUMBO WAKO KWA SIKU AROBAINI, iliandikwa. Samaki, nyama, mayai, maziwa, maharage, kunde, mbaazi, karanga: mwiko. Chini yake, ruksa: ugali wa muhogo na majani yaliyochemshwa kwa maji matupu. Pembeni mtu alikuwa amechora vijiti kwa mkaa, kimoja kwa kila siku. Elia alivihesabu. Vilikuwa thelathini na saba.

"Tumbo lilikuwa linamjaa gesi, anaharisha," Ismaili alieleza akiwa mlangoni. "Mizigo bandarini ikamshinda. Tabibu akasema utumbo umeoza, lazima upumzike asile vitu vizito. Kaka alikonda, afande. Mwishoni hata ndoo ya maji hainui."

"Alikuwa anaufuata mwiko kweli?"

"Mama alikuwa anamlinda. Hapiti mtu na samaki mbele yake."

Elia akatoka uani. Juu ya paa la banda kulikuwa na makopa, vipande vya muhogo mkavu, vimeota ukungu mweusi kupita kiasi. Mvua ilikuwa imeyakuta.

"Haya yaliharibika lini?"

"Kabla ya msiba. Yalinyeshewa siku tatu."

"Basi unga wa Jumanne ulitoka kwenye makopa gani?"

Ismaili alikuna shingo. "Mambo ya jikoni siyajui. Jumatatu nilikuwa nimelala na mguu wangu."

Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kovu jipya kutoka ugoko hadi karibu na goti. Panga lilimteleza akifyeka shamba la mikorosho.

"Wewe ulikula ugali ule?"

"Nimekula kuliko wote. Mama alibakiza, Zulfa alibakiza, nikamaliza mimi. Sikuumwa hata kichwa. Ndiyo maana nasema, ugali haukuwa na neno. Ni sahani."

Hapo Elia aliona kesi yake ikimponyoka. Kama unga ulikuwa mbaya, aliyeshiba kuliko wote angekuwa wa kwanza kuanguka. Mkuu wake angeuliza swali hilohilo, na wakili wa serikali pia, na wangekuwa na haki.

"Siku zile ulikuwa unatumia dawa yoyote?" aliuliza, kwa sababu tu ya desturi ya kuuliza.

"Ya kidonda. Zahanati walinipa vidonge, nilimeza wiki nzima, wakaniongezea wiki nyingine. Vimebaki viwili."

Elia alivichukua vile viwili pamoja na ndoo ya unga. Ndoo ilikuwa imefunikwa tangu siku ya msiba, kwani matanga yalilishwa na majirani. Kwa jirani wa pili akaomba unga wa makopa yaliyokauka vizuri, wa kulinganishia. Alijaza hati ya kuchukua vielelezo, Ismaili akasaini. Bi Tabu alimtazama akiibeba ndoo hadi kwenye gari.

*

Daktari Halima alikuwa na rafiki mtafiti wa mihogo, na kwa huyo alipata karatasi ndogo za njano. Jumamosi saa kumi jioni, Elia akishuhudia, aliweka kijiko cha unga wa Bi Tabu kwenye chupa, akatia maji, akaning'iniza karatasi ndani bila kuugusa unga, akafunga kizibo. Chupa ya pili akaitia unga wa jirani.

"Kama sumu inatoka, karatasi itageuka. Tukutane kesho saa kama hizi."

Jumapili saa kumi karatasi ya jirani ilikuwa bado njano. Ile ya Bi Tabu ilikuwa imekuwa kahawia iliyokolea, rangi ya chai ya rangi.

Elia aliishika chupa kwa muda mrefu. Alitegemea kufurahi, hakufurahi.

"Huo ni muhogo mchungu, haukukaushwa kabisa," daktari alisema. "Haya, sikiliza, na uandike polepole. Muhogo mchungu una kitu ndani yake ambacho chenyewe hakiui. Sumu imefungiwa humo. Ukikausha makopa wiki mbili, sehemu kubwa inafunguka na kupotea hewani. Ukifanya haraka, inabaki, unaimeza ikiwa imefungwa bado. Sasa tumboni mwako kuna bakteria, mabilioni, wanaishi kwa chakula unachokula wewe. Miongoni mwao wapo wanaojua kuifungua."

"Kwa kila mtu?"

"Kwa kila mtu, ila siyo sawasawa. Unachokula ndicho kinachoamua nani astawi humo ndani. Huyu siku thelathini na saba amewalisha muhogo peke yake. Nadhani wale wanaoujua muhogo ndio waliojaa. Hilo la kujaa sitaliapia mahakamani, sikuwahesabu. Nitakaloliapia ni hili: mwili huiua sumu hiyo kwa kutumia kitu kinachopatikana kwenye samaki, nyama, maharage. Yeye alikatazwa vyote. Aliingiziwa adui, akanyang'anywa na silaha."

"Mama na Zulfa?"

"Walikula kidogo, na samaki juu yake. Mmoja alitapika. Muulize mama kama hakuumwa kichwa."

"Na Ismaili? Alikula kuliko wote."

Daktari alivigeuza vile vidonge viwili kwenye kiganja. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Hivi vinaua bakteria, Elia. Wa kidonda, wa tumboni, wote. Wiki mbili anavimeza. Sumu ilipita ikiwa imefungwa, hapakuwa na wa kuifungua. Imetoka na mkojo kama ilivyoingia. Panga lililomkata mguu ndilo lililomwokoa."

Elia alimpigia mkuu wake palepale. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nzuri," alisema. "Lakini una chupa na nadharia ya daktari. Nani aliutwanga huo unga? Kama ni Zulfa, wakili atasema aliujua mwiko wa mumewe, akautumia. Niletee aliyetwanga, kwa maandishi, kabla ya saa mbili kesho. Bila hivyo binti anapanda."

*

Bi Tabu alikuwa peke yake kibarazani jua likielekea kuzama. Elia alikaa kwenye mkeka, WP Mwajuma pembeni yake, akaziweka zile karatasi mbili juu ya faili, ya njano na ya kahawia.

"Mama, kabla hujasema lolote, nakuonya. Hulazimiki kunijibu. Ukisema, nitaandika, na yanaweza kutumika dhidi yako mahakamani."

"Dhidi yangu mimi?"

"Ndiyo, mama."

Akamweleza. Hakumficha kitu, wala hakupamba. Muhogo mchungu, ukavu, bakteria, mwiko. Alipofika kwenye samaki, mkono wa Bi Tabu uliinuka ukamziba mdomo, ukakaa hapo.

"Siku ile jioni, uliumwa kichwa?" Elia aliuliza.

"Kila nikilewa muhogo kinaniuma."

"Ulijua kwamba umelewa muhogo."

"Kulewa muhogo ni kitu? Nimelewa utoto wangu wote. Nimemlea yeye kwa muhogo huo."

"Unga ule aliutwanga nani?"

Jirani alikuwa akiita kuku wake. Elia alijua kwamba neno moja, "Zulfa", lingetosha. Hakuna aliyeona. Zulfa mwenyewe alikuwa amekataa kumtaja mama mkwe wake, na angeendelea kukataa hadi gerezani, kwa heshima ile ambayo hakuna aliyemlipa nayo.

"Nikinyamaza, anafungwa?" Bi Tabu aliuliza.

"Kesho saa mbili."

"Na nikisema, nafungwa mimi?"

"Sijui, mama. Ataamua wakili wa serikali. Sitakudanganya."

Bi Tabu aliichukua ile karatasi ya kahawia, akaitazama pande zote mbili.

"Andika," alisema. "Nangu, mimi, ndiye niliyetwanga. Makopa yameoza, yeye haruhusiwi kingine, zimebaki siku nne amalize dozi. Nikaenda mpakani mwa shamba, kule tunakopanda mchungu ili nguruwe wasile. Nikang'oa, nikamenya, nikatwanga, nikaanika, nikatwanga tena, nikaanika tena. Chinyanya. Unga wa siku moja. Mama yangu alitufanyia hivyo mwaka wa njaa, tukapona sote. Jua lilikuwa dogo. Niliona halijakauka vizuri. Nikasema, muhogo tu huu."

Elia aliandika. 

"Andika na hili. Jumatatu ile aliniomba samaki. Siyo samaki mzima. Alisema, mama, nipe hata kichwa ninyonye. Nikamwambia, vumilia, umebakiza siku nne." Akagonga faili kwa kidole. "Andika kwamba aliniomba."

Haikuhitajika kwenye maelezo. Elia aliiandika.

Mwajuma alifungua kidau cha wino. Bi Tabu alitia dole gumba mara tatu, moja kwa kila ukurasa, akakandamiza kwa nguvu kama anayefunga barua.

*

Jumatatu saa mbili na robo Zulfa aliachiwa. Faili, sasa lenye kurasa ishirini na tisa, lilikwenda kwa wakili wa serikali likiwa na jina jingine ndani yake, na maombi mafupi ya Elia kwamba mwenye jina hilo asikamatwe hadi uamuzi utoke. Aliambatanisha pia karatasi ya tabibu wa Magomeni. Aliambiwa hiyo si sumu, ni karatasi. Akaiambatanisha hivyohivyo.

Alimrudisha mwenyewe kwa gari, Mwajuma akikaa nyuma na Zulfa. Walikuwa wameanza kuona minazi ya Mnyangala.

"Afande," Zulfa alisema kutoka ndani ya shuka lake. "Eda yangu nakaa wapi?"

"Nyumbani kwa mumeo. Si ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo. Miezi minne na siku kumi. Zimepita siku ishirini. Mwenye eda hupikiwa. Sasa nani atanipikia?"

Elia alijifanya anakwepa shimo barabarani.

Bi Tabu alikuwa mlangoni. Hawakukumbatiana. Zulfa alipita mbele yake akiinamisha kichwa, akasema shikamoo, akaitikiwa kwa sauti ambayo Elia hakuisikia. Mwajuma alimsindikiza hadi ndani, akamkalisha kwenye mkeka wake. Elia alibaki uani karibu na gari, akijua angepaswa kuondoka, na hakuondoka.

Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Bi Tabu akiingia na sahani. Ugali safari hii ulikuwa wa mahindi, wa dukani, na juu yake samaki mzima. Mama yule alipiga magoti, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalitia kinywani mwake mwenyewe na kulitafuna mbele ya mkwewe hadi akalimeza. Kisha akaisukuma sahani mbele na kusubiri.

Zulfa akanyoosha mkono, akakivunja kichwa cha samaki, akakirudisha ukingoni mwa sahani, upande wa Bi Tabu. Halafu akaanza kula samaki aliyebaki, polepole, mchana kweupe, na ugali hakuugusa.